Mashine ya Boti Inayokwama Mwendo: Kuitambua Kasoro na Kuirekebisha

Somo kwa vyama vya ushirika vya wavuvi

Miongoni mwa kasoro zinazozipata mashine za boti za vyama vyetu vya wavuvi, ipo moja ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa ndogo, nayo ni ile ya mashine kukwama mwendo. Nahodha hurudisha kishikio ili apunguze mwendo, lakini mashine huendelea kunguruma kana kwamba haikuguswa. Mashine iliyokataa kuwaka asubuhi hukipotezea chama mapato ya siku moja. Mashine iliyokataa kupunguza mwendo mbele ya mwalo, mahali ambapo akina mama wamesimama majini kungojea dagaa na watoto wanaogelea, yaweza kukipotezea chama boti, mashine yenyewe na roho ya mtu.

Somo hili lahusu mashine za petroli za mipigo miwili zinazopachikwa nyuma ya boti, ambazo zimetumika sana kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na mwambao wa Bahari ya Hindi, hasa zile za nguvu ya farasi 15, 25 na 40. Zipo mashine mpya za mipigo minne ambazo hazina kabureta kabisa. Wenye mashine hizo watafaidika na maelezo ya waya na kishikio tu.

NAMNA MWENDO UNAVYOONGOZWA

Hapana budi kwanza kuifahamu njia inayopitwa na amri ya nahodha kutoka mkononi mwake hadi ndani ya mashine, kwa sababu kukwama kwaweza kutokea mahali popote katika njia hiyo.

Mwisho wa mkono wa usukani pana kishikio cha mpira kinachozungushwa. Kishikio hicho huvuta na kusukuma waya uliomo ndani ya ala yake. Katika mashine nyingine huzungusha vifimbo na meno badala ya waya. Chini ya kifuniko cha mashine, katika mashine nyingi za aina hii, waya huo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuizungusha kidogo sahani ya magneto, iliyo chini ya lile gurudumu zito la juu linalozungushwa kwa kamba ya kuwashia, ili cheche za plagi zitoke mapema zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Kazi ya pili ni kuusukuma wenzo wa kabureta. Aghalabu hilo hufanywa na kipande cha bamba chenye mbinuko, ambacho huteleza juu ya kigurudumu kidogo kilichoko kwenye wenzo huo.

Kabureta yenyewe ni bomba fupi lenye koo jembamba. Hewa inayovutwa na mashine ikipita kooni huenda kwa kasi na kanieneo yake hupungua, hata petroli ikapanda kutoka katika bakuli lililo chini, kupitia vitundu vidogo viitwavyo jeti. Baada ya koo pana kisahani cha mviringo, kwa kawaida cha shaba, kilichofungwa kwa skurubu ndogo juu ya kijiti kilichokatiza bomba. Kisahani kikilala sambamba na mkondo wa hewa, mashine hukimbia. Kikisimama na kuliziba bomba, mashine hubaki na mwendo wa chini. Springi ndogo iliyozungushwa kwenye kijiti ndiyo inayokirudisha kisahani kila mara kinapoachiwa.

Jambo moja la kushikilia sana ni kwamba kishikio cha mashine ya boti hakirudi chenyewe kama cha pikipiki. Kimeundwa hivyo makusudi, ili nahodha asichoke mkono katika safari ya saa tatu au nne, na mashine nyingi zina skurubu ya kukikaza au kukilegeza. Springi ya kabureta hurudisha kisahani tu, hairudishi kishikio. Vijana waliojifunza mwendo kwa pikipiki huja na malalamiko kwamba kishikio kimekufa, kumbe kinafanya kazi yake sawasawa.

KUTAFUTA MAHALI PENYE KASORO

Yafaa kazi hii ifanywe na watu wawili, mchana, mashine ikiwa imesimamishwa juu ya kigogo au kwenye boti iliyofungwa vizuri. Mashine izimwe, nyaya za plagi zichomolewe, bomba la petroli litenganishwe, kisha kifuniko kiondolewe. Haifai mtu kuvuta sigara karibu, wala kufanya kazi hiyo usiku kwa mwanga wa kibatari.

Kabla ya yote, gea iingizwe mbele huku mtu wa pili akizungusha pangaboi kwa mkono pole pole ili meno yakubaliane. Sababu ni kwamba katika mashine nyingi kishikio huzuiwa kisifike mwisho wakati gea iko huru, na asiyelijua hilo hudhani kuwa amekwisha kuipata kasoro.

Basi, mtu wa kwanza azungushe kishikio hadi mwisho na kukirudisha, mara kadhaa, wakati mwenzake akiutazama wenzo wa kabureta. Swali la kujibiwa ni hili tu: je, kilichokwama ni kishikio, ama ni kisahani? Kama kishikio ni kizito na hakitaki kurudi, kasoro iko upande wa mkono, waya au sahani ya magneto, na hakuna sababu ya kuigusa kabureta. Kama kishikio kimerudi kwa urahisi, na lile bamba lenye mbinuko limerudi nacho, lakini wenzo wa kabureta umebaki nyuma na pameonekana nafasi baina ya bamba na kigurudumu, basi kasoro iko kwenye kabureta au kwenye springi yake.

Ili kuhakikisha, kiungo kati ya waya na sahani ya magneto kitenganishwe. Hapo kila kipande kitajisemea chenyewe. Kishikio kizungushwe peke yake. Sahani ya magneto isukumwe kwa kidole peke yake. Wenzo wa kabureta ufunguliwe kwa kidole na kuachiwa ghafla. Kabureta yenye afya hujifunga mara moja, na mlio mdogo wa chuma kugonga skurubu ya mwendo wa chini husikika. Wenzo unaorudi kwa kujikokota, au unaosita kidogo kabla ya kufika mwisho, ni mgonjwa, hata kama siku hiyo umefika.

Mashine yenye kabureta mbili au tatu hutaka subira zaidi. Nyenzo zake zimeunganishwa kwa kifimbo, na kabureta moja iliyokwama huzikamata nyingine zote. Kifimbo kitenganishwe ili kila wenzo ujaribiwe peke yake, lakini kabla ya kulegeza skurubu yoyote mahali pake patiwe alama kwa ncha ya msumari. Visahani vyote hupasa kufunguka kwa wakati mmoja. Fundi aliyevifungua bila alama huirudisha mashine inayotetemeka na kula petroli, kisha lawama hupewa nahodha.

Zipo pia hali mbili zinazofanana na kukwama, nazo si kukwama. Ya kwanza ni gasketi ya kabureta iliyopasuka, au nati zake zilizolegea. Hewa huingia pembeni pasipopita kwenye kisahani, na mashine hukimbia ingawa kisahani kimefunga. Dalili yake ni unyevu wa mafuta kuzunguka kiungo hicho. Ya pili ni pangaboi lililoachana na mhimili wake, kwa pini kukatika au kwa mpira wa ndani kuteleza. Mashine hupiga kelele kwa mwendo mkubwa ilhali boti haisogei. Kasoro hiyo yatafutwa chini majini, siyo juu.

KASORO ZA MKONO NA WAYA

Mashine nyingi hazilali majini. Kwa hofu ya wezi hung'olewa kila siku baada ya kazi na kubebwa mabegani hadi nyumbani kwa nahodha au kwenye ghala la chama. Mashine ya nguvu ya farasi 15 huwa na uzito wa karibu kilo 40, na mbebaji hushika popote penye nafasi, mara nyingi mkono wa usukani. Huko ndiko waya unakopindwa. Ikifika nyumbani mashine hulazwa kwa ubavu wowote, mkono ukiwa chini yake, na ala ya waya hubonyea. Waya ulio ndani ya ala iliyobonyea hupita kwa taabu ukivutwa, na hurudi kwa taabu zaidi ukisukumwa.

Waya wa namna hiyo uchomolewe na kutazamwa kwa urefu wake wote. Kama ni mzima ila umekauka, usafishwe, upakwe grisi ya mashine za majini isiyoondoshwa na maji, na urudishwe bila kona kali. Kama nyuzi zake zimeanza kukatika, hautengenezwi; nyuzi zilizokatika hujikunja na kunasa ndani ya ala, na nafasi ya kunasa kwake haichaguliwi na mtu. Ununuliwe mwingine wa urefu ule ule.

Sahani ya magneto husahauliwa kuliko kitu chochote. Huzunguka juu ya kikombe chake chini ya gurudumu zito, mahali pasipoonekana, na grisi yake hukauka kwa joto ikawa ngumu kama nta, au ikaliwa na chumvi kwa mashine za pwani. Dalili yake ni kwamba kishikio huwa kizito hata baada ya waya kubadilishwa. Kulitoa gurudumu la juu kwahitaji kifaa maalumu cha kuvutia. Wasio nacho hulipiga kwa nyundo, na matokeo yake ni gurudumu lililopasuka au mhimili uliopinda, hasara kubwa mara nyingi kuliko grisi iliyokusudiwa. Kazi hii apewe fundi mwenye kifaa.

KASORO ZA KABURETA

Sababu iliyo ya kawaida kupita zote ni utomvu wa petroli. Petroli ya mashine hizi huchanganywa na oili. Mashine ikikaa wiki mbili au tatu bila kazi, kama inavyotokea wakati wa mbalamwezi kwa wavuvi wa dagaa, au wakati wa kufungwa uvuvi, petroli iliyobaki kwenye bakuli huruka na kuiacha oili pamoja na utomvu wa rangi ya kahawia. Utomvu huo hushika kisahani na kijiti chake kama gundi. Hali huwa mbaya zaidi petroli ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa na muuzaji asiye mwaminifu, au oili ikiwa imezidi kipimo, au ikiwa ni oili ya gari badala ya oili ya mipigo miwili ya mashine za majini. Mashine nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa kila lita 50 za petroli baada ya kipindi cha kwanza cha kuizoesha. Lakini kitabu cha mashine yenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho.

Utomvu huondolewa kwa kusafishwa, wala hauhitaji kipuri kipya isipokuwa gasketi. Kabureta itolewe, bakuli lifunguliwe juu ya sinia safi ili skurubu zisipotee mchangani, na vipande vyote visuguliwe kwa brashi laini na petroli safi. Jeti zipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Zisichokonolewe kwa waya, kwa kuwa tundu la jeti limepimwa, na likipanuka hata kidogo mashine itakula petroli zaidi kwa maisha yake yote. Kijiti kichezeshwe mbele na nyuma huku kikitonewa petroli penye mashimo kinakopita, mpaka kirudi chenyewe kwa nguvu ya springi. Baada ya kukauka, tone moja la mafuta mepesi kila upande latosha. Grisi nzito mahali hapo ni kosa, kwa sababu hukusanya mchanga.

Na mchanga ndiyo sababu ya pili. Boti nyingi huvutwa hadi nchi kavu, na mashine nyingi hufanya kazi bila kifuniko chake, ama kimepotea, ama nahodha hukiacha nyumbani kwa madai kuwa mashine hupata joto. Madai hayo hayana msingi; mashine hizi hupozwa kwa maji yanayopandishwa na pampu yake. Kifuniko kipo kwa ajili ya kuzuia maji, chumvi na mchanga. Punje chache za mchanga baina ya kijiti na shimo lake hukwamisha kwanza, kisha hulila shimo likapanuka. Kijiti kinachochezacheza kwa upana ndani ya shimo hakisafishiki tena. Hapo kabureta imekwisha kweli, na ndipo ununuzi wa nyingine unapokuwa halali.

Kwa mashine za pwani kuna kutu. Chumvi hutengeneza unga mweupe kwenye aluminiamu, na unga huo hujaza nafasi ndogo iliyobaki kuzunguka kijiti. Maji yaliyoingia katika petroli hufanya vivyo hivyo ndani ya bakuli. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya dumu. Basi petroli ya mwisho katika dumu isimiminwe yote kwenye tangi la boti, na faneli iwe na chujio.

Kasoro nyingine huletwa na matengenezo yenyewe. Kisahani kina kingo zilizochongwa kwa mteremko ili kikae sawasawa ndani ya bomba. Kikifungwa kinyume, au kikifungwa kabla hakijajiweka katikati, kingo zake hung'ata ukuta wa bomba na kunasa. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hakifungui kisahani bila lazima. Isitoshe, skurubu zake zimebanwa ncha kiwandani zisifunguke kwa mtikisiko, na zikifunguliwa zikarudishwa ovyo, moja yaweza kuanguka na kumezwa na mashine. Nati za kuifunga kabureta nazo zikikazwa kwa nguvu isiyo na kiasi hulipinda umbo lake, na kijiti kilichokuwa chepesi mkononi huwa kizito mara baada ya kufungwa. Wenzo basi ujaribiwe tena baada ya nati kukazwa, siyo kabla tu.

Iko na skurubu ya mwendo wa chini. Mafundi wengi hudhani kazi yake ni kuzuia mashine isizimike, basi. Lakini skurubu hiyo pia hukizuia kisahani kisifunge hadi mwisho na kujikabidhi ndani ya bomba kama kizibo cha chupa. Ikilegezwa kupita kiasi kwa nia ya kuokoa petroli, kisahani hujibana, na nahodha hulazimika kuzungusha kishikio kwa nguvu. Kisahani hubanduka ghafla na boti huruka mbele, watu wakiwa wamesimama ndani.

MATENGENEZO YASIYORUHUSIKA

Springi iliyochoka au kukatika haina mbadala wa kienyeji. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kinachoonekana kwenye kabureta nyingi za mialoni, huvuta vizuri kwa siku chache. Mpira huo hulainishwa na petroli na oili, hurefuka, na hatimaye hukatika bila taarifa wakati wa mwendo mkubwa, kwa maana ndio wakati unapovutwa zaidi. Springi mpya ni kitu cha bei ndogo, na chama chenye mashine hata moja hakina udhuru wa kukosa springi mbili ghalani.

Vile vile, kisahani kisipigwe tupa wala bomba lisisuguliwe kwa msasa ili “kulegeza”. Mwendo wa chini wa mashine hutegemea nafasi iliyo nyembamba kama unywele baina ya viwili hivyo. Na wenzo usikunjwe kwa koleo ili ufike mahali usipofika. Kama haufiki, kuna kitu kinachouzuia, na hicho ndicho kitafutwe.

KUIJARIBU MASHINE

Mashine iliyotengenezwa hairuhusiwi kwenda kuvua kabla haijajaribiwa ikiwa imefungwa. Boti ifungwe kwa kamba mbili kwenye nguzo au mti imara, mashine ikiwa majini. Kuiendesha kavu huunguza mpira wa pampu ya maji kwa muda mfupi. Kwanza kitufe cha kuzimia kijaribiwe, na kamba ya usalama ya mkononi ivutwe, ili ijulikane kwamba mashine yazimika. Kisha mwendo upandishwe na kushushwa mara kumi, mashine ikiwa baridi, na mara kumi tena baada ya robo saa ikiwa imepata joto. Kabureta iliyopinda hukwama kwa joto tu, na jaribio la dakika mbili halitaionyesha.

IKIKWAMA MAJINI

Nahodha afahamu mapema la kufanya, kwa kuwa muda wa kufikiri hautakuwapo. Mashine izimwe mara moja kwa kitufe au kwa kuivuta kamba ya usalama. Kamba hiyo, inayofungwa kwenye mkono wa nahodha na kuizima mashine akianguka, mara nyingi hukutwa imefungwa kwenye mashine yenyewe au kwenye ukuta wa boti. Hapo haimsaidii mtu yeyote.

Kitufe kikiwa kibovu, choki ivutwe. Petroli hujaa na mashine hufa. Kuchomoa bomba la petroli hakutoshi kwa haraka, kwani petroli iliyomo katika bakuli la kabureta huiendesha mashine kwa muda, na kwa muda huo boti yaweza kuufikia mwalo. Gea isirudishwe nyuma kwa mwendo mkubwa. Meno yake huvunjika, na boti yaweza kumtupa mtu. Omo ielekezwe kwenye maji marefu kwa kona pana, si kwa kona ya ghafla inayopindua boti. Kifuniko kisiondolewe kamwe wakati mashine inakimbia, maana gurudumu la juu halimsamehe mwenye shati lililolegea.

Nahodha aliyepatwa na hali hiyo arudi kwa kasia au kwa kukokotwa na mwenzake. Asiiwashe tena kwa matumaini.

KAZI YA BODI NA MTUNZA GHALA

Na ichukuliwe mfano wa chama chenye boti tatu. Mashine ya boti ya pili inakwama mwendo. Fundi anaitwa kutoka mjini, anaitazama kwa dakika chache na kushauri kabureta mpya. Meneja analeta hati ya malipo, Bodi inaidhinisha, kabureta inanunuliwa na kufungwa. Siku ya nne mashine inakwama tena, kwa sababu waya wenye nyuzi zilizokatika haukuguswa. Kabureta ya zamani haipo, imeondoka na fundi. Hakuna awezaye sasa kusema kama ilikuwa mbovu, na katika vitabu vya chama kila kitu kinaonekana kuwa sawa: hati ipo, stakabadhi ipo, sahihi zipo.

Kasoro ya vitabu hivyo si tarakimu. Ni kwamba havikuuliza swali. Hati ya kununua kipuri cha mashine hupasa kuambatanishwa na maelezo mafupi ya fundi yanayotaja jaribio lililofanywa: kishikio kimejaribiwa peke yake, waya peke yake, wenzo wa kabureta peke yake, na matokeo yake. Kipuri cha zamani kirudishwe ghalani na kuandikwa, hata kama ni chuma chakavu, mpaka Bodi itakapoamua kitupwe au kiuzwe. Masharti haya mawili hayamgharimu chama senti, na fundi mwaminifu hayachukii. Vipuri bandia navyo vipo sokoni kwa wingi. Springi au waya usio wa kipimo cha mashine, hata ukiwa wa bei nafuu, ni ununuzi wa mara mbili.

Kila mashine iwe na daftari lake, siyo daftari moja la boti zote. Ndani yake mtunza ghala aandike tarehe, jina la nahodha, petroli na oili iliyotolewa, saa ilipotoka na kurudi, na neno la nahodha kuhusu hali ya mashine. Maneno kama “kishikio kizito kidogo” yakionekana mara mbili kwa nahodha wawili tofauti, mashine isitoke siku ya tatu kabla haijatazamwa. Petroli inayotumika nayo ni shahidi mzuri: mashine iliyokuwa ikienda lindo lile lile kwa lita 20 na sasa yataka lita 26, ama kabureta yake haifungi, ama petroli inakwenda kwingine. Yote mawili yanastahili kuchunguzwa.

Panapo uwezo, chama kipeleke mwanachama mmoja kijana kupata mafunzo ya mashine za boti katika vyuo vya uvuvi, kama vile cha Mbegani, Bagamoyo, au Nyegezi, Mwanza, kwa mkataba wa kukitumikia chama baada ya kuhitimu. Mkataba uandikwe kabla hajaondoka.

Hatimaye lipo suala la mamlaka. Ni nani mwenye uwezo wa kuizuia boti isitoke? Katika vyama vingi jibu halipo, na asubuhi yenye bei nzuri ya samaki nahodha husukumwa na wenzake aende na mashine ambayo yeye mwenyewe haiamini. Mkutano mkuu upitishe azimio, liandikwe katika muhtasari, kwamba nahodha au mtunza ghala, mmojawapo peke yake, aweza kuizuia boti kwa sababu ya kasoro ya mwendo, na kwamba hatakatwa posho wala fungu lake la siku ile.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUJIFUNZA

1. Kishikio cha mashine kimerudi kwa urahisi, lakini mashine yaendelea kukimbia. Taja sehemu mbili za kutazamwa kwanza, na sehemu moja isiyo na haja ya kufunguliwa.

2. Mashine imekaa wiki tatu bila kazi. Mtunza ghala afanye nini kabla ya kuikabidhi kwa nahodha, na aandike nini katika daftari?

3. Katika chama chenu, kipuri cha mwisho kilichobadilishwa kwenye mashine kiko wapi sasa? Kikundi kiende ghalani kukitafuta kabla ya kujibu.